Nyotamkia, Ngome na maji ya bamvua: uchambuzi wa kisa cha mpiga picha wa Mombasa

Majina ya wahusika, mtaa wanaoishi na hoteli inayotajwa humu vimefichwa. Tarehe na saa nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu bila hizo kisa hiki hakifundishi kitu. Saa zote ni za Kiswahili.

## Usuli

Mhusika mkuu nitamwita Fundi. Ni mpiga picha za harusi hapa Mombasa, zaidi ya miaka kumi kazini, mtu anayeweza kuingia ukumbini umeme umekatika na bado akamtoa bibi harusi aking'aa. Wa pili ni mpwa wake wa kidato cha tatu, nitamwita Kijana. Mimi hufundisha upigaji picha, na wao waliniomba niwaongoze kuipiga picha nyotamkia ya mwaka 2024. Nilikuwa nao siku mbili. Siku nyingine nilikuwa kwenye simu tu, jambo ambalo nitalirudia mbele.

Fundi alikuwa na kamera ya kihisi kidogo, ile ambayo lenzi yoyote ukiifunga huona eneo dogo kama vile imerefushwa mara 1.6. Lenzi zilikuwa tatu: ya kawaida ya milimita 18–55, ya 50 yenye tundu pana la f/1.8, na ndefu ya 70–300. Stendi ilikuwa ile nzito ya video. Kijana alikuwa na simu ya kawaida, ya bei ya kati, na dira ndani ya simu hiyo.

Nyotamkia yenyewe, ambayo humu naiita pia nyota kwa ufupi ingawa si nyota halisi, ilikuwa C/2023 A3, Tsuchinshan–ATLAS. Jina hilo ni kama cheti cha kuzaliwa: C ni alama ya nyotamkia ambayo si ya kurudi baada ya muda mfupi, 2023 ni mwaka, A ni nusu ya kwanza ya Januari, na 3 ni kwamba ilikuwa ya tatu kupatikana katika nusu hiyo. Wachina waliipata kwanza Januari 2023 katika kituo cha Tsuchinshan, kisha darubini ya ATLAS iliyoko Afrika Kusini ikaipata tena Februari 22. Ilipita karibu zaidi na jua Septemba 27, 2024, na karibu zaidi nasi Oktoba 12, umbali wa kama kilomita milioni 70. Mtaani wengi waliiita kimondo. Kimondo hupita kufumba na kufumbua. Hii ilikaa majuma kadhaa, ikisogea kidogo kila siku, na mwendo huo wa polepole ndio uliotupa nafasi ya kukosea na kujaribu tena.

## Pande mbili za anga moja

Kabla sijaeleza kilichotokea, msomaji ashike jambo moja, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake.

Mwisho wa Septemba na siku za kwanza za Oktoba, nyotamkia hiyo ilitokea alfajiri, mashariki. Mashariki ya Mombasa ni bahari, na taa zilizoko huko ni za meli tu. Kisha ikaingia kwenye mwanga wa jua ikapotea. Kufikia Oktoba 9 ilikuwa karibu imekaa kati yetu na jua, na vumbi lake liking'aa kama vumbi la chumbani mwale wa jua unapopenya dirishani. Hapo ndipo ilipong'aa kupita wakati wote, lakini ilikuwa karibu mno na jua. Chombo cha angani cha SOHO, kinachochunguza jua, ndicho kilichoipiga picha vizuri. Kuanzia Oktoba 12 ikajitokeza jioni, magharibi. Magharibi ya kisiwa ni bandari ya Kilindini, ni Changamwe, ni taa za malori na makontena hadi macho yanaishia.

Kwa hiyo nyota moja ilitupa miji miwili: mji wa baharini alfajiri, mji wa taa jioni. Mpiga picha wa Nairobi hakuwa na tofauti hiyo kwa kiasi hiki. Sisi tulikuwa nayo.

Jambo jingine ni giza letu. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, jua huzama wima kama jiwe lililotupwa kisimani. Toka jua litue hadi giza kamili ni dakika 70 hivi. Maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa Ulaya, ya kusubiri muda mrefu hadi giza likolee, hapa yanakukosesha nyota: unapoanza kufungua stendi, yenyewe inazama.

## Alfajiri ya kwanza: Jumapili, Septemba 29

Walikwenda ufuo wa pwani ya kaskazini, wakafika saa 10:40 alfajiri. Mwezi ulikuwa mwembamba, umeshapanda, hausumbui. Upeo wa macho baharini ulikuwa na mawingu machache yaliyolala chini. Nyota ilikuwa inachomoza wakati huohuo, na jua lilikuwa litoke kama saa 12:05. Nafasi halisi ya kupiga ilikuwa kati ya saa 11:00, nyota ikiwa imeinuka vidole vitatu juu ya maji, na saa 11:30, kupambazuka kunapoanza kuifuta. Nusu saa.

Fundi alitoa kamera kwenye begi, akafunga lenzi ndefu, akaelekeza. Skrini ikaonyesha maziwa matupu.

Kijana akasogeza tochi ya simu mbele ya kamera. "Mjomba, lenzi imetoka jasho."

Ndivyo ilivyokuwa. Kamera ilikuwa imelala chumba chenye kiyoyozi, ikasafiri ndani ya gari lenye kiyoyozi, ikafunguliwa ghafla kwenye hewa ya bahari. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa ukungu mzito, na matone madogo yakianza kuungana pembeni. Fundi akakifuta kwa pindo la kanzu. Kikasafika, na ndani ya nusu dakika kikajaa tena. Akafuta tena. Safari ya tatu chumvi iliyokuwa hewani ilikuwa imeshachanganyika na maji, ikaacha madoa ya duara, na kila taa ya meli iliyoyapitia ikawa kama ua.

Ukungu ulipoisha wenyewe, kioo kikiwa kimepata joto la nje, ilikuwa saa 11:20. Zilibaki dakika kumi, na ndani ya hizo kumi makosa mengine mawili yakajitokeza. Kwanza, aliiacha kamera ijitafutie fokasi yenyewe, nayo gizani ilizunguka mbele na nyuma bila kushika. Pili, alitumia milimita 300 kwa sekunde 8. Picha 60 hivi zilipigwa. Hakuna hata moja iliyofaa.

Kwa macho, Kijana aliiona. Aliniambia baadaye ilikuwa kama alama ya chaki iliyofutwa nusu.

## Alfajiri ya pili: Jumatano, Oktoba 2

Siku tatu za katikati tulizungumza kila jioni. Maamuzi yaliyofanywa yalikuwa haya, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

Kamera isilale ndani. Begi liliwekwa chini ya ngazi, uani, tangu saa 8 za usiku, kamera na lenzi zikiwa zimefungwa ndani ili zipate joto la nje polepole bila kuguswa na hewa mbichi. Garini, vioo vikateremshwa, kiyoyozi kikazimwa.

Lenzi iwe ya 50. Fundi alilipinga hili kwa nguvu. Kwake, kitu kilicho mbali hupigwa kwa lenzi ya kuvuta, na kazini amekuwa sahihi miaka yote. Nilimwomba apime kwa mkono: ngumi ya mtu akinyoosha mkono ni nyuzi kama 10. Lenzi yake ya 300 huona upana wa nyuzi 4 na ushei, chini ya nusu ngumi. Mkia wa nyotamkia unaweza kupita ngumi nzima. Alinyoosha mkono, akaangalia ngumi yake muda mrefu, akakubali.

Fokasi ishikwe kwa mkono, juu ya taa ya meli. Nje ya mlango wa Kilindini huwa kuna meli zinazongoja zamu ya kuingia, na taa zake ziko kilomita kadhaa. Kwa lenzi ya 50, umbali huo na umbali wa nyota ni mamoja. Fundi aliikuza taa moja kwenye skrini hadi ikawa nukta ndogo kabisa, kisha akabandika kipande cha gundi ya karatasi juu ya pete ya lenzi isisogee.

Sala. Hili hakuna kitabu cha picha kinacholiandika, lakini kwa Mombasa ni swali halisi. Azana ya alfajiri siku hizo ilikuwa kabla kidogo ya saa 11:00, na sala ya jamaa msikitini ingekula nafasi yote ya picha. Fundi hakutaka kuipeleka sala mwisho wa wakati kwa ajili ya kamera. Waliamua kusali palepale ufuoni mara tu wakati ulipoingia, kamera ikiwa imepangwa kujipiga yenyewe kila sekunde 10. Nilikuwepo. Mswala ulitandikwa hatua tano nyuma ya stendi, na wakati wakiwa kwenye rakaa ya pili nilikuwa naisikia shata ikifunguka na kufunga, kwa utulivu, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Kitu kimoja hatukukipanga: maji. Siku ile ilikuwa ya mwezi mwandamo, mwezi uleule uliolifunika jua likabaki pete, baadaye siku hiyohiyo, kule Chile na Argentina. Mwezi mwandamo ni bamvua, maji kujaa kupita kawaida. Na hapa kwetu bamvua hujaa alfajiri, saa 10 kwenda saa 11. Tulipofika, ufuo mpana wa Jumapili haukuwepo. Maji yalikuwa yanapiga ukuta wa mawe ya matumbawe. Tulirudi nyuma hadi kwenye kichochoro cha umma cha kushukia pwani, tukasimamisha stendi juu ya ngazi ya saruji. Mvuvi yeyote angetuambia, na mimi niliyezaliwa hapa sikuuliza.

Mipangilio ilikuwa tundu la f/2, sekunde 4, ISO (wepesi wa kihisi kuona mwanga) 1600, na kadiri kulivyopambazuka Fundi akaishusha ISO hadi 400. Zilipatikana picha 38 safi. Katika ile bora, nyota iko vidole vitatu juu ya bahari, mkia umesimama wima na kuinama kidogo, na chini yake kuna meli moja, taa yake ya mlingoti imelingana karibu kabisa na kichwa cha nyota. Maji ni ya rangi ya risasi. Naipenda picha ile kuliko picha zangu nyingi.

## Ahadi

Kesho yake Fundi alimwonyesha picha hiyo mteja wake wa siku nyingi, msimamizi wa hoteli moja. Mteja akafurahi, akaomba nyingine: nyotamkia juu ya Ngome ya Yesu, ya kuwekwa kwenye kalenda. Fundi akakubali palepale, akapokea arubuni. Mimi niliposikia nilimpongeza.

Hakuna kati yetu aliyesimama akajiuliza Ngome iko upande gani wa nini.

## Jioni za Oktoba 12 hadi 15

Mpango ulikuwa kusimama ng'ambo, upande wa Nyali, kutazama kisiwa kikiwa na jua lililotua nyuma yake. Jumamosi Oktoba 12 mawingu yalifunga bara yote. Tuko kwenye tangambili wakati huo, kusi imechoka na kaskazi haijaanza, na mawingu ya jioni juu ya bara ni ya kawaida. Jumapili yalifunguka dakika chache, wakaiona ikiwa chini mno.

Jumatatu Oktoba 14 anga lilikuwa zuri. Jua lilitua saa 12:10 na dakika mbili tatu. Kufikia saa 12:50 sayari ya Zuhura ilikuwa inawaka kushoto, nyota ya Simaki (Arcturus) ikiwa kulia na rangi yake ya chungwa, na katikati ya hizo mbili, ngumi moja na nusu juu ya mapaa ya Mji wa Kale, nyota na mkia wake. Watu waliokuwa pale kupunga upepo walikusanyika nyuma ya stendi. Bibi mmoja alimwomba Kijana amwelekeze kwa kidole, na alipoiona alishika mdomo.

Fundi alikuwa hasemi kitu. Alikuwa anasogeza stendi kushoto, anarudi kulia, anashuka kwenye mawe, anapanda. Kijana akatoa dira.

"Mjomba, nyota iko magharibi kamili. Ngome iko kule, kusini-magharibi. Hazikutani."

"Tukisogea?"

"Tusogee wapi? Ili Ngome iwe chini ya nyota inatakiwa tuwe mashariki yake."

Mashariki ya Ngome ni maji ya mlango wa bahari. Chombo kinachoyumba hakipigi picha ya sekunde 3.

Alipiga alichokuwa nacho, na kilikuwa kizuri: mapaa, mnara wa msikiti, nyota. Lakini mwezi ulikuwa umeshajaa zaidi ya robo tatu na uko juu angani, taa za kisiwa zimeupaka upeo rangi ya machungwa, na mkia uliobaki kwenye picha ulikuwa mfupi kama kidole gumba. Oktoba 15 alirudi, hali ileile na mwezi mnene zaidi.

Usiku huo alinipigia. Alikuwa na picha ya zamani ya Ngome jioni, na picha ya nyota. Kuziunganisha kwenye kompyuta kungemchukua robo saa, na mteja asingejua. Aliniuliza ninaonaje, na nikasikia kwenye sauti kwamba ameshaamua ila anataka mtu wa kusemea naye. Tulizungumza kama saa nzima. Alisema mwenyewe: watu wanamwita kupiga nikahi zao kwa sababu wanaamini kilichomo kwenye picha kilikuwepo. Asubuhi alimpigia mteja, akamweleza, akarudisha arubuni yote, na akampa nafasi ya kuichukua picha ya alfajiri. Mteja alikubali fedha, picha hakuitaka. Kalenda ikatoka na kitu kingine.

Mimi nilimwambia: basi, mwezi mpevu ni tarehe 17, nyota inafifia, imekwisha. Akafunga vyombo.

## Oktoba 20

Kijana hakufunga. Sikukuu ya Mashujaa iliangukia Jumapili, naye alikuwa kwa nyanya yake mzaa baba, Kaloleni, kule bara. Saa 1:30 usiku alinitumia picha bila maneno.

Mkia ulikuwa unavuka zaidi ya nusu ya fremu.

Nilimpigia mara moja. Alikuwa amekipindua kinu uani, akaiegemeza simu juu yake, ndala moja imewekwa chini kuipa mwinamo, akatumia hali ya usiku na kipima saa cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Simu yenyewe ilipiga picha nyingi fupi na kuzipanga moja juu ya nyingine. Nyota ilikuwa imefifia sana kuliko juma lililopita, kwa kipimo cha wanafalaki, ambacho namba ikikua mwanga hupungua, imefikia karibu na magnitudi 3. Na bado picha ile ndiyo iliyouonyesha mkia kuliko zote walizopiga.

## Matokeo kwa ufupi

Alfajiri mbili, jioni nne, na usiku mmoja wa Kaloleni. Picha moja bora ya bahari, kadhaa nzuri za Mji wa Kale, moja ya mkia. Kazi ya malipo ilipotea. Mteja yuleyule amemwita Fundi tena kwa harusi mbili tangu wakati huo.

## Uchambuzi

Makosa ya vyombo yalirekebishika, na yalirekebishwa ndani ya siku tatu. Ukungu ni fizikia ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji: hewa yetu imebeba maji mengi, na kioo kilicho baridi huyavuta. Kufuta hakusaidii kwa sababu baridi bado imo ndani ya kioo. Dawa ni kukipa muda, begi likiwa limefungwa, saa mbili au zaidi. Kwa mpiga picha wa Pwani hili litangulie betri na kadi ya kumbukumbu. Fundi analijua kwenye harusi, hutoka na kamera mapema kabla ya bibi harusi kushuka garini. Alilisahau kwa kuwa alidhani anga ni kazi nyingine.

Hesabu ya lenzi ni fupi. Anga huzunguka uzi mmoja kila dakika 4. Kwa sekunde 8 husogea sehemu moja ya thelathini ya uzi, na kwenye fremu ya lenzi ya 300 yenye upana wa pikseli 6,000 huo ni mchirizi wa zaidi ya pikseli 40. Kanuni inayotumika ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi uliozidishwa kwa 1.6: kwa 300 unapata sekunde 1, kwa 50 unapata 6. Tulichagua 4 tuwe na nafasi. Kosa moja la vyombo tulilogundua tumechelewa ni kwamba picha zote 38 za Oktoba 2 zilihifadhiwa kama JPEG, faili iliyobanwa na kupoteza sehemu ya rangi, badala ya faili ghafi. Nilipojaribu kuzipanga moja juu ya nyingine ili kupunguza chengachenga, rangi za alfajiri zilikatika ngazi ngazi. Hizo hazirudi.

Uamuzi wa kusali palepale na kuiachia kamera ijipige ulikuwa sahihi, hata kama mtu ataupima kwa jicho la picha peke yake. Stendi ambayo haikuguswa kwa dakika kadhaa ilitoa picha thabiti kuliko zote za asubuhi ile.

Sasa la Ngome, linaloniumiza zaidi. Picha aliyoiomba mteja haikuwa ndoto. Ilikuwa na wakati wake, na wakati huo ulikuwa alfajiri za mwisho wa Septemba, tulipokuwa ufuoni. Alfajiri nyota ilikuwa mashariki. Mtu angesimama upande wa mjini wa Ngome, kuta zikiwa kati yake na bahari, akaitazama ikipanda juu ya kuta hizo. Huenda taa za barabara zingempa kazi ngumu, lakini upande ulikuwa sahihi. Ahadi ilitolewa Oktoba 3, nyota ikiwa inarudi kwenye jua kila siku. Iliposubiriwa jioni, ilikuwa imehamia upande ambao hesabu haikubali. Ramani ya karatasi na rula vingetuonyesha hayo kwa dakika tano, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Fundi alijua kupiga, Kijana alijua kutumia dira, mimi ndiye niliyejua nyota itakuwa wapi. Nilipopokea habari ya arubuni nilipaswa kuuliza swali moja: utasimama wapi? Nilipongeza.

Ushauri wangu wa Oktoba 16 pia ulikuwa na kasoro, na ningependa wanaofundisha waitazame. Nilifikiri kwa mwangaza wa nyota peke yake. Oktoba 14 nyota iling'aa sana lakini ilikuwa chini, ndani ya machweo, mbele ya taa, na mwezi juu. Oktoba 20 ilikuwa dhaifu, lakini giza lilipokolea kabisa, saa 1:25 usiku, ilikuwa bado ngumi mbili na nusu juu ya upeo. Na mwezi, uliokuwa umepita mpevu siku tatu, haukuchomoza hadi kama saa 3 usiku. Kila siku baada ya mpevu mwezi huchelewa kwa saa moja hivi. Kwa hiyo kulikuwa na zaidi ya saa nzima ya giza safi, na siku iliyofuata ingekuwa hivyohivyo. Mkia ni kitu chepesi kilichotanda; kinachoupoteza ni weupe wa anga unaouzunguka. Ningemwambia Fundi apumzike siku nne kisha aende bara, gari moja tu hadi Mazeras au mbele kidogo, na ile lenzi ya 50.

Kijana hakuwa na hesabu hiyo. Alikuwa mahali pazuri kwa sababu ya sikukuu. Lakini alifanya jambo moja kwa makusudi, ambalo aliniambia baadaye nilipomuuliza kila kitu kilivyokuwa uani pale. Taa iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa koroboi ya jikoni. Alimwendea nyanya yake, akamweleza kuna nyota ya mkia, akamwomba aizime kwa dakika kumi. Nyanya alikuwa anasonga ugali. Aliipuliza, akatoka na mwiko mkononi, akakaa juu ya kizingiti gizani hadi simu ilipomaliza.